Wasil bin Ata na Ulimi Wake

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa uzito wa ulimi si upungufu wa ilimu. Nabii Musa, alayhi ssalaam, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi wake, naye ndiye aliyetumwa kwa Firauni.

Wasil bin Ata alizaliwa Madina mwaka 80 wa Hijra (700), akenda Basra, akakaa katika darasa la Hasan al-Basri. Kisha akajitenga, akawa mkuu wa Muutazila. Sisi watu wa Sunna hatumfuati katika itikadi hiyo. Lakini haki husemwa hata kwa asiyekuwa wa kwetu.

Yeye hakuwa na kigugumizi, bali ulimi wake haukuweza kuitamka sawasawa herufi ra. Na kazi yake ilikuwa kujadiliana mbele za watu. Basi akajizoeza kuiepuka kabisa: ngano hakuiita burr, aliiita qamh, mvua hakuiita matar, aliiita ghayth. Hata siku moja makhatibu waliposimama mbele ya Abdalla bin Umar bin Abdul-Aziz, liwali wa Iraki, Wasil alihutubu papo kwa papo pasina ra hata moja, akawapita wote. Alikufa mwaka 131 (748).

Basi enyi walimu wa vyuo, hapa Lushoto na Usambara yote, na huko pwani: mtoto mwenye kigugumizi asichekwe wala asirukwe zamu yake. Angojewe amalize neno lake. Huenda khatibu wetu wa kesho ni yeye. Wallahu aalam.