Louis Braille na Nukta Sita

Napenda kuwasimulia habari za Louis Braille, Mfaransa aliyewapa vipofu njia nyepesi ya kusoma na kuandika.

Alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Babaye alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu aliuchezea msharasi wa babaye, ukamchoma jicho. Ugonjwa ukaingia na jicho la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika chuo cha vipofu. Vitabu vilikuwapo, lakini herufi zake zilikuwa zile zile za wenye macho, ila kubwa na zilizotuna juu ya karatasi. Msomaji alizipapasa moja moja, na kitabu chenyewe kilikuwa mzigo. Waliovitengeneza, naona mimi, walifuata jicho wakasahau kidole.

Kisha Charles Barbier, aliyekuwa mwanajeshi, akaleta chuoni maandishi yake ya nukta. Nukta zilifaa, lakini alama moja iliweza kuwa na nukta hata kumi na mbili, ncha ya kidole isiweze kuzigusa zote mara moja.

Braille, kijana wa miaka kumi na mitano (mdogo wangu kwa miaka minne!), akazipunguza zikawa sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Hizo zatoa alama 63, na kidole kimoja chaifunika kila alama bila kusogea. Tena tazameni alivyozipanga. Herufi kumi za kwanza zatumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni alama zile zile, zimeongezewa nukta moja ya chini. Aliyejifunza kumi amekwisha jua ishirini. W haikuwamo, kwa kuwa Wafaransa hawakuihitaji, ikaongezwa baadaye. Mswahili angefanyaje bila hiyo?

Kitabu chake kilitoka mwaka 1829, nacho kilieleza hata kuandika muziki, maana alikuwa mpiga kinanda kanisani. Vipofu wenzake waliyapenda maandishi hayo, lakini wakubwa wenye macho walisitasita, na kwa muda yakapigwa marufuku chuoni. Wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri.

Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari, 1852. Miaka miwili baadaye Ufaransa iliyakubali maandishi yake. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, Paris, wanamozikwa mashujaa wa nchi ile, lakini mikono yake iliachwa kwao Coupvray.