John Clare: kibarua aliyeuandika msitu wa kijijini kwake

Mashariki mwa Uingereza, nje kidogo ya kijiji cha Helpston, karibu na mji wa Peterborough, kuna msitu mdogo uitwao Royce Wood. Mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu bila kuchoka. Miti yake hupukutisha majani baridi inapoingia, mwezi Oktoba na Novemba, na husimama mitupu hadi majira ya kuchipua. Mwezi Aprili, kabla majani mapya hayajaziba jua, maua ya mwituni huwahi kuchanua chini ya miti. Majani yakishakuwa mengi, chini huwa giza na maua hayo yanakwisha.

Misitu ya aina hii ilikuwa ghala la wanakijiji. Miti midogo ilikatwa hadi kwenye kisiki ikaachwa ichipue tena, kama wakulima wa kwetu wanavyofanya na mikaratusi. Humo walipata fito, kuni na vigingi vya uzio. Humo pia, kila mwaka, alikuja ndege mdogo wa rangi ya hudhurungi anayesifika kwa kuimba usiku. Siku hizi tunajua kwamba ndege huyo hukimbia baridi ya Uingereza na kuja kukaa Afrika Magharibi.

Mtu aliyeyaandika haya yote kwa undani kuliko wengine hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa kibarua wa mashambani, jina lake John Clare.

Alizaliwa Helpston tarehe 13 Julai 1793. Alikuwa pacha, lakini dada yake alifariki wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Baba yake, Parker Clare, alikuwa kibarua wa kupura nafaka, na alisifika kijijini kwa nyimbo za zamani. Mama yake, Ann, alikuwa binti wa mchungaji wa kondoo na hakujua kusoma. Hata hivyo wazazi hao walijinyima ili mtoto apate shule. Alisoma kwa miezi michache kila mwaka, wakati kazi za shamba zilipopungua, baadaye katika kijiji jirani cha Glinton. Huko alimpenda msichana aitwaye Mary Joyce, binti wa mkulima mwenye uwezo. Mapenzi hayo hayakufika popote, ila kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Akiwa kijana wa miaka kama 13 alikiona kitabu cha mashairi kuhusu majira ya mwaka, akakitamani. Akadunduliza fedha. Siku ya kwenda kukinunua mjini Stamford alimlipa kijana mwenzake amchungie farasi aliokuwa amekabidhiwa. Njiani kurudi hakuweza kusubiri. Aliruka ukuta wa bustani ya tajiri mmoja, akakaa humo kusoma. Siku hiyo alianza kutunga.

Mashairi yake aliyaficha. Aliandika kwenye vipande vyovyote vya karatasi, shambani akitumia kofia yake kama meza, na nyumbani aliyasokomeza kwenye matundu ya ukuta. Mama yake, asiyejua ni kitu gani, aliyatumia kuwashia moto. Clare alipotaka kujua kama yanafaa, aliwasomea wazazi wake akijifanya ni kazi ya mtu mwingine. Hata wino alijitengenezea, kwa vile vivimbe vinavyoota kwenye matawi ya mwaloni.

Kisha ikaja habari ya ardhi, na hapa ndipo maisha yake yanapotugusa sisi wa vijijini.

Helpston ya utoto wake haikuwa na ua. Mashamba yalikuwa makubwa na wazi, kila mkulima akiwa na vipande vyake vilivyotawanyika. Kulikuwa na nyika ambako hata asiye na shamba aliweza kulisha ng'ombe mmoja, kukata kuni na kupita kwenda jirani. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuigawa upya ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Kazi ya kupima na kugawa ilikamilika mwaka 1820. Wenye haki zilizotambuliwa na sheria walipata viwanja vyao vilivyozungushiwa ua. Wengine ambao haki yao ilikuwa ni mazoea tu ya babu na bibi hawakupata kitu. Njia za miguu zilifungwa, vijito vikanyooshwa, miti ya zamani ikakatwa, na vibao vya kukataza watu kupita vikasimamishwa.

Kuna jambo moja ambalo Clare hakulificha: yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo. Njaa haichagui kibarua. Aliajiriwa kupanda miti ya miba na kusimamisha uzio kwenye nyika zile zile alizochungia mifugo akiwa mtoto. Nadhani ndiyo maana mashairi yake juu ya jambo hili yana uchungu ambao huwezi kuupata kwa mtu aliyelitazama kutoka barazani. Katika shairi moja aliipa sauti ardhi yenyewe, mahali paitwapo Swordy Well, ikasimulia jinsi ilivyochimbwa mawe na kuachwa tupu.

Mwaka 1817 alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la chokaa, ambako alikutana na Martha Turner, aliyeitwa Patty. Januari 1820 kitabu chake cha kwanza kilitoka London, kwa mchapishaji John Taylor, yule yule aliyemchapisha mshairi Keats. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi, na kitabu kikarudiwa mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Machi mwaka huo alimwoa Patty.

Wakubwa wa London walimshangilia kama kioja: kibarua anayeandika mashairi! Walimfuata hadi shambani kumtazama, naye alipoacha jembe ili awapokee, alipoteza ujira wa siku. Bwana mmoja mkubwa miongoni mwa wafadhili wake alidai beti zilizolaumu utajiri na ukandamizaji ziondolewe, na katika matoleo ya baadaye ziliondolewa. Mchapishaji naye alimsahihisha tahajia na kumpunguzia maneno ya lugha ya kijijini. Clare alichukia. Wafadhili walimchangia fedha zilizompa takriban pauni 45 kwa mwaka, lakini alikuwa na wazazi wazee, mke na watoto waliozidi kuongezeka. Vitabu vyake vitatu vilivyofuata, mwaka 1821, 1827 na 1835, havikuuzwa kama kile cha kwanza. Mtindo ulikuwa umepita.

Wakati huo wote aliendelea kwenda msituni. Alilala kifudifudi kwenye nyasi akitazama kiota cha ndege, akahesabu mayai, akaandika rangi yake na majani yaliyotumika kukijengea. Walinzi wa wanyama wa matajiri walimshuku kuwa ni jangili. Leo wataalamu wa ndege huyasoma maandishi yake kama kumbukumbu ya kuaminika.

Mwaka 1832 rafiki zake walimtafutia nyumba nzuri zaidi na kipande cha ardhi kijiji cha Northborough, umbali wa maili tatu tu. Kwa mtu mwingine ingekuwa baraka. Kwake ilikuwa kama kuhamishiwa nchi ya mbali: ndege na miti ya huko haikumjua. Akili yake ilianza kuyumba, na mwaka 1837 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwa ndani ya msitu wa Epping, karibu na London.

Julai 1841 alitoroka. Alitembea maili 80 hivi, sawa na kilomita 130, kwa siku nne, viatu vikiwa vimechakaa. Njaa ilipomzidi alikula majani ya kando ya barabara. Kichwani mwake alikuwa anarudi kwa Mary Joyce, akiamini ni mkewe. Mary hakuolewa, na alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma kwa ajali ya moto. Clare alipoambiwa, hakusadiki. Aliyempokea alikuwa Patty.

Miezi mitano baadaye, Desemba 1841, alichukuliwa tena, safari hii hadi hospitali ya Northampton. Humo alikaa zaidi ya miaka 22. Kwa miaka mingi aliruhusiwa kwenda mjini, akakaa kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa akitazama wapita njia. Aliendelea kutunga, na baadhi ya mashairi yake bora yalitoka huko.

Alifariki tarehe 20 Mei 1864, akazikwa Helpston. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho. Swordy Well, baada ya kuchimbwa mawe kwa miaka mingi, sasa ni hifadhi ya mimea na wanyama. Na kila mwaka, karibu na siku yake ya kuzaliwa, watoto wa shule ya kijiji hubeba udongo wenye nyasi uliopambwa kwa maua, kama ilivyokuwa desturi ya kijijini zama zake, na kuuweka juu ya kaburi lake.