Virchow, daktari aliyetaka kila nguruwe akaguliwe

Msomaji wangu, kama unaishi Makambako au unapita pale njia panda ya kwenda Njombe na Songea, huenda umewahi kumwona nguruwe aliyefungwa miguu minne nyuma ya bodaboda, kichwa kikining'inia. Jioni nyama yake ni kitimoto mezani. Leo nakusimulia maisha ya daktari aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita, kwa sababu kazi yake inamgusa nguruwe huyo, na inawagusa pia wagonjwa wa kifafa mnaowaleta kliniki.

Rudolf Virchow alizaliwa Oktoba 13, 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, ambao siku hizi uko Poland. Alihitimu udaktari Berlin mwaka 1843. Mwaka 1848 serikali ilimtuma Silesia kuchunguza mlipuko wa homa inayoenezwa na chawa. Wakubwa walitegemea ripoti ya dawa. Yeye aliwaandikia kwamba watu wale wanauawa na njaa, kukosa elimu na utawala mbaya. Haikuwafurahisha. Mwaka uliofuata akahamia Würzburg, akarudi Berlin mwaka 1856 akiwa bingwa wa kuchunguza maiti ili kujua chanzo cha kifo. Madaktari wote tunamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1858 kuhusu seli. Mimi namheshimu zaidi kwa habari ya nguruwe.

Wajerumani wa wakati ule walipenda kula nyama ya nguruwe mbichi, na wengine hadi leo wanaila. Virchow na wenzake wawili watatu walionyesha kuwa mnyoo mdogo sana uitwao trikinela, asiyeonekana kwa macho, hukaa kwenye misuli ya nguruwe na kumwingia mlaji. Mwaka 1865 katika kijiji cha Hedersleben watu zaidi ya 300 waliugua, na takriban 100 wakafa. Virchow alikuwa tayari diwani wa Berlin na mbunge. Akaandika kijitabu ambacho hata asiye daktari angekielewa, akadai kila nguruwe akaguliwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa. Wachinjaji walilalamika kuwa anawaharibia biashara. Hakuacha. Berlin ilifungua machinjio kubwa ya mji mwaka 1881, na mwaka 1900 ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama kwa Ujerumani nzima.

(Kuna hadithi kwamba Bismarck alipomwita wapigane kwa silaha, Virchow alichagua soseji mbili, moja ikiwa na minyoo. Wito wa kupigana ulikuwepo kweli, mwaka 1865. Soseji sina hakika nazo, lakini zinafurahisha.)

Sasa turudi kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe ni wengi. Mnyoo anayetusumbua huku ni mwingine, tegu wa nguruwe. Huyu naye Virchow alikutana naye: mwaka 1860 alieleza vifuko vya tegu alivyovikuta kwenye utando wa ubongo wa binadamu, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Vifuko vya namna hiyo kichwani ni chanzo kikubwa cha kifafa.

Hapa wazazi wengi huchanganya. Ukila nyama yenye vifuko ambayo haijaiva, unapata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai, yanatoka na choo chako. Anayemeza mayai hayo, kwa mikono michafu, maji au mboga, ndiye anayeota vifuko kwenye ubongo. Kwa hiyo hata mtu asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata kifafa kwa sababu jirani yake ana tegu na hana choo. Nguruwe anayezurura naye anakula kinyesi hicho, na mzunguko unaendelea.

Mkaguzi wa nyama huchana misuli ya taya, ulimi na moyo akitafuta chembe nyeupe kama punje za mchele. Vichache vinaweza kumpita, ndiyo maana nasisitiza nyama iive hadi ndani, isibaki na wekundu. Shida kubwa ni kwamba wachuuzi nao wanajua kumpapasa nguruwe ulimi. Akiwa na uvimbe, wapo wanaomnunua kwa bei ya chini na kumchinja uchochoroni. Nguruwe wa namna hiyo husafirishwa kwa kujificha, na mkaguzi hamwoni kabisa.

Usafiri wenyewe nao unaharibu nyama. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza. Akibanwa, akapigwa na jua na kuchinjwa akiwa bado anahema, nyama yake hupauka na kutoa maji. Palipochubuka na kuvilia damu huoza haraka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso hayo, na mifugo inayosafirishwa inatakiwa kuwa na kibali. Ukinunua nyama, uliza mhuri wa mkaguzi. Muuzaji akikasirika, nunua kwingine.

Virchow alifanya kazi hadi uzeeni. Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu, akavunjika mfupa wa paja, na akafariki Septemba 5 mwaka huo, akiwa na miaka 80.

Kama mwanao ameanza kuanguka na kutetemeka, au mtu mzima nyumbani kapata kifafa ukubwani, mpeleke hospitali kwanza. Usimnunulie dawa ya tegu dukani kwa kubahatisha. Ikiwa ana vifuko kichwani, dawa hiyo inaviua, ubongo unavimba kuvizunguka, na degedege linaweza kuzidi. Daktari huitoa pamoja na dawa za kutuliza uvimbe na za kifafa. Kama nyumbani kuna mtu anayeona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake, naye aje atibiwe, asione aibu.