Waliomfukuza Krebs walijinyima wenyewe

Kila ulapo nyama, samaki au maharagwe, ini lako huanza kazi usiyoihisi. Protini huvunjwa ikawa asidi amino, na zile zinazozidi mahitaji ya mwili huacha amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza sumu hiyo kuwa yurea, nayo yurea hutoka kwa mkojo. Aliyetufumbulia siri hiyo ni Hans Krebs, na maisha yake yana funzo kwa kila aliyeshika hatamu za utawala.

Krebs alizaliwa tarehe 25 Agosti 1900 mjini Hildesheim, Ujerumani, mwana wa tabibu wa masikio, pua na koo. Alisomea udaktari, kisha tangu 1926 hadi 1930 akawa msaidizi wa bingwa Otto Warburg mjini Berlin.

Mwaka wa 1932, akiwa Freiburg pamoja na mwanafunzi wake Kurt Henseleit, aliona jambo la ajabu. Alipotia ornithini kidogo tu kwenye vipande vyembamba vya ini, yurea iliongezeka mno, lakini ornithini yenyewe haikupungua. Kumbe ilikuwa ikizunguka! Huchukua amonia na hewa ya kaboni, hugeuka sitrulini, kisha ajinini. Hapo kimeng'enya kiitwacho ajinasi huikata ajinini, yurea ikatoka, nayo ornithini ikarudi ilikoanzia.

Baadaye wataalamu wengine walibaini kwamba mzunguko huo una bawabu. Kimeng'enya cha mlangoni hakifanyi kazi mpaka kiamshwe na asetiliglutamati, ambayo huongezeka asidi amino zinapozidi. Hivyo kasi ya kazi hufuata wingi wa mzigo. Mtoto azaliwapo bila kimeng'enya hicho, amonia yaweza kumdhuru ubongo katika siku zake za kwanza duniani.

Je, Krebs alilipwa nini na nchi yake? Mnamo Aprili 1933 utawala wa Wanazi ulimfuta kazi kwa sababu ya nasaba yake ya Kiyahudi. Kazi aliyoifanya katika maabara haikumfaa kitu. Mwaka uo huo alivuka kwenda Uingereza, akapokewa Cambridge na Frederick Gowland Hopkins, kisha 1935 akahamia Sheffield.

Huko Sheffield, mwaka wa 1937, aligundua mzunguko wa asidi sitriki, ambao kwao seli hupata nguvu kutokana na chakula. Jarida mashuhuri la Nature halikuichapisha makala yake, naye akaipeleka kwingine bila kukata tamaa. Mwaka wa 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann, naye pia Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Krebs alifundisha Oxford tangu 1954 hadi 1967, na akafariki tarehe 22 Novemba 1981.

Waama, mgeni njoo, mwenyeji apone. Uingereza ilimpokea mkimbizi, ikavuna elimu ambayo hadi leo hufundishwa katika kila chuo cha udaktari. Ini hutoa sumu na kubakiza kifaacho. Watawala wale walitoa kifaacho, wakabaki na sumu. Yeyote ampimaye msomi kwa kabila, dini au ukoo, badala ya kazi ya mikono yake, na ajue kwamba hasara itamrudia yeye na watoto wa nchi yake.