Benjamin Franklin: Mchapishaji aliyeionyesha radi njia ya kwenda ardhini

FUNDI anayejiundia pawasaplai ya vifaa vyake vya elektroniki hufunga waya wa ardhi kwenye kasha la chuma. Waya wenye umeme ukiligusa kasha hilo kwa bahati mbaya, umeme hukimbilia waya wa ardhi, fyuzi hukatika na mkono wa mtu husalimika. Wazo la kuupatia umeme njia isiyopita mwilini lina asili ndefu, na katika asili hiyo jina la Benjamin Franklin halikwepeki.

Alizaliwa Boston Januari 17, 1706, mtoto wa 15 kati ya 17 wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Shule aliiacha akiwa na miaka 10. Alipofikisha miaka 17 alimtoroka kaka yake aliyekuwa akimfundisha uchapaji, akakimbilia Philadelphia. Biashara ilimnyookea, na mwaka 1748 aliachana na kazi za kila siku za kiwanda chake cha uchapaji ili apate nafasi ya majaribio ya umeme.

Kilichomvutia mno ni chupa ya Leyden, chombo cha kioo kinachohifadhi umeme, ambacho ndicho babu wa kapasita za leo. Desemba 1750 alikusudia kumuua bata mzinga kwa umeme wa chupa mbili kubwa. Mkono mmoja ukagusa nyaya za juu huku wa pili umeshika mnyororo uliounganishwa na pande za nje, na umeme wote ukapita mwilini mwake. Alipoteza fahamu kwa muda, akabaki na ganzi hadi asubuhi. Hatari hiyo haijaondoka: kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Enzi hizo wasomi hawakuwa na hakika kama radi na cheche za chupa ni kitu kimoja. (Kiswahili hakina taabu hiyo, neno umeme hubeba yote mawili.) Franklin alipendekeza jaribio la chuma kirefu chenye ncha, na Mei 10, 1752, Wafaransa walilitekeleza huko Marly-la-Ville wakapata cheche kutoka wingu la mvua. Tiara yake yenye ufunguo, iliyorushwa mwaka huohuo, ndiyo iliyovuma zaidi.

Umuhimu wa ardhi ulidhihirika kwa msiba. Huko St. Petersburg, Georg Wilhelm Richmann alivuta waya kutoka chuma cha paani hadi kwenye kipimo chake ndani ya nyumba, bila kuuunganisha na ardhi. Agosti 6, 1753, radi iliufuata waya huo, ikaruka hadi kwake na kumuua papo hapo.

Katika almanaka yake ya 1753 Franklin alikwisha kueleza namna ya kujikinga: chuma kipite paa kwa futi 6 hadi 8, na chini kizame futi 3 au 4 katika udongo wenye unyevu, kwani udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Maarifa hayo hakuyatoza hata senti. Hata hivyo, baada ya tetemeko la Boston la 1755, mchungaji Thomas Prince alivituhumu vyuma hivyo kwa kurundika umeme ardhini.

Franklin alifariki dunia Philadelphia Aprili 17, 1790, akiwa na miaka 84. Miaka michache kabla, aliporejea kutoka Ufaransa, aligundua kuwa radi ilikuwa imeipiga nyumba yake mwenyewe. Ncha ya shaba ya kinga yake ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Nyumba ilikuwa salama.