Mangi Meli na Majirani Zake

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kituo cha kwanza cha kulala kinaitwa Mandara. Wengi tunalitaja jina hilo bila kujua kwamba Mandara ndiye Mangi Rindi wa Old Moshi. Mwanawe, Meli, hana kituo, na mimi naona huyo ndiye wa kumzungumzia.

Meli alirithi kiti mwaka 1891, bado kijana. Umangi ulikuwa na raha zake: watu walimlimia, walimjengea, walimletea ng'ombe na pembe za ndovu, na vijana wa rika ndio waliokuwa jeshi lake. Sasa wapo wanaosema huo ni ukabaila wa Ulaya uliohamia migombani. Mimi sikubali moja kwa moja. Kihamba kilikuwa cha ukoo, na mfongo wa maji ulikuwa na wenyewe, waliouchimba. Mangi aliyeziudhi koo kubwa alikuwa na kazi kwelikweli.

Ila shida kubwa ilikuwa majirani. Rindi aligombana miaka mingi na Sina wa Kibosho, na mwaka 1891 Wajerumani walipompiga Sina, watu wa Moshi walikuwa upande wao. Meli akarithi kiti pamoja na uadui.

Juni 1892 aliwashinda Wajerumani. Kamanda wao, von Bülow, akafa. Wakarudi Agosti 1893 na von Schele, silaha zikiwa nyingi zaidi, na safari hii Meli alishindwa. Akalazimika kutoa watu wa kuwajengea boma palepale Moshi. Yaani ile kazi ya kumjengea mangi, sasa mangi mwenyewe anaipeleka kwa mzungu.

Wakati huo Marealle wa Marangu alikuwa rafiki mkubwa wa boma. Habari za njama zikaanza kufika huko, na wanahistoria wengi wanamtaja yeye kuwa chanzo. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Tsudunyi, Old Moshi. Walikuwemo Meli, Ngalami wa Siha na Molelia, aliyekalia kiti cha Sina. Moshi na Kibosho, mahasimu wa zamani, wakafa siku moja, kwa kosa moja.

Inasimuliwa kuwa kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilioanisha mafuvu matatu yaliyoko Berlin na familia za Tanzania zilizo hai. La Meli halikuwemo. Ukoo wake bado unalisubiri.