Ambroise Paré, Kinyozi Aliyewaundia Askari Mikono

Askari aliyekatwa mkono vitani alikuwa akipoteza vitu viwili kwa siku moja, yaani kiungo chake na kazi yake. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 16 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mizinga na magobore yalikuwa yameenea, nayo yalivunja mifupa kwa namna ambayo mikuki na mishale haikuweza. Mtu aliyezikabili taabu hizo mbili kwa pamoja, ile ya jeraha na ile ya maisha baada ya jeraha, alikuwa Mfaransa aitwaye Ambroise Paré.

Paré alizaliwa yapata mwaka 1510 katika kijiji cha Bourg-Hersent, jirani na mji wa Laval. Hakupata elimu ya chuo kikuu, wala Kilatini hakukijua. Kazi aliyofunzwa ni ukinyozi. Msomaji asistaajabu, kwani zama zile kinyozi ndiye aliyepasua majipu, akaumika, akafunga vidonda na kukata viungo vilivyooza. Madaktari wasomi waliona ni aibu kutia mikono yao damuni. Baada ya kufanya kazi kwa muda wa miaka mitatu hivi katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris, kijana huyo alilifuata jeshi kwenda Italia, katika vita vya 1536 hadi 1538.

Huko ndiko lilikotokea jambo lililomjulisha kwa ulimwengu. Wakati huo iliaminika kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, na dawa yake ni kumwagiwa mafuta yanayochemka. Siku moja, majeruhi wakiwa wengi, mafuta yalimwishia. Ikambidi achanganye kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku ule hakulala kwa hofu ya kuwakuta wamekufa. Kulipokucha aliwaona wale waliopakwa mchanganyiko wake wametulia, na wale waliochomwa mafuta wana homa, maumivu na uvimbe. Tangu hapo aliapa kutowachoma tena majeruhi. Mwaka 1545 alitoa kitabu juu ya majeraha ya risasi, nacho alikiandika kwa Kifaransa, ili kinyozi yeyote wa jeshi aweze kukisoma.

Jambo la pili lilitokea mwaka 1552, katika mazingira ya Damvillers. Desturi ilikuwa kwamba mguu ukishakatwa, damu izuiwe kwa chuma kilichotiwa motoni. Paré aliishika mishipa ya damu mmoja mmoja akaifunga kwa uzi. Mgonjwa wake akapona. Mwaka huo huo mji wa Metz ulipozingirwa na majeshi ya Kaizari Charles wa Tano, aliingizwa mjini usiku kwa siri ili awatibu walinzi wake. Mwaka 1553 alitekwa huko Hesdin, naye akaupata uhuru wake kwa kumtibu kidonda ofisa wa upande wa adui. Aliwatumikia wafalme wanne wa Ufaransa, kuanzia Henri wa Pili hadi Henri wa Tatu, lakini si jumba la kifalme lililomfunza kazi. Ni kambi.

Sasa tuje kwenye mikono. Kwa kuwa majeruhi waliokatwa viungo hawakuwa tena lazima wafe, lilizuka swali la namna watakavyoishi. Katika kitabu chake cha 1564 Paré alichapisha michoro ya mkono, kiwiko na mguu wa bandia. Mkono ule wa chuma aliundiwa na fundi wa makufuli wa Paris, aliyejulikana kwa jina la utani la Mlorrain Mdogo. Nadhani hapo ndipo palipo siri ya jambo zima. Mpasuaji alijua mwili, fundi alijua springi na meno ya chuma, na hakuna kati yao aliyemdharau mwenzake.

Ndani ya mkono huo kila kidole kilikuwa na kigurudumu chenye meno. Aliyeuvaa alivikunja vidole kwa mkono wake mzima, na kila jino lilipopita, kizuizi kidogo kililidaka, hata kidole kisiweze kufunguka. Hivyo mkono ulishika hatamu au upanga bila kuchoka. Alipotaka kuachia, alibonyeza kitufe, vizuizi vikaondoka, na springi zikavifungua vidole vyote. Paré hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mpiganaji Mjerumani Götz von Berlichingen, aliyepoteza mkono huko Landshut mwaka 1504, alipigana miaka mingi kwa mkono wa chuma. Ila wa Götz ulikuwa wa mtu mmoja mwenye mali, ilhali Paré aliueleza wake kipande kwa kipande, kwa majina na michoro, ili fundi wa mji wowote aweze kuuiga.

Kijana wa Kimisagara apendaye kuunda mkono wa mbao nyumbani, kama burudani ya saa za jioni, anaweza kuifuata kanuni hiyo hiyo. Mbao laini hutosha kwa vidole, ngozi kwa bawaba, kamba kwa mishipa, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kwa springi. Akiongeza mota ndogo ya kuvuta kamba, amekwisha kuingia katika ufundi wa roboti. Nchini Rwanda kazi ya kuwarudishia watu viungo ina historia yake pia: kituo cha Gatagara, kilichoko Wilaya ya Nyanza, kilianzishwa mwaka 1960 na Padre Joseph Fraipont Ndagijimana.

Paré hakuwasahau wasio na fedha. Pamoja na mguu wa chuma wenye goti la kukunjika, alichora mguu mwingine wa mti mtupu, akaandika wazi kuwa ni wa maskini. Mtu anaweza kuuliza kwa nini maskini asipewe goti. Jibu ni bei ya chuma na siku za fundi, na jibu hilo halijazeeka hata leo.

Mwaka 1575, alipotoa maandishi yake yote kwa pamoja, madaktari wa Chuo Kikuu cha Paris walijaribu kuyazuia. Walidai kinyozi asiyejua Kilatini hana haki ya kuandika juu ya tiba. Alijitetea, na kitabu kikauzwa.

Mwaka 1590 Paris yenyewe ilizingirwa na Mfalme Henri wa Nne, na raia wakawa wanakufa kwa njaa mitaani. Mzee Paré, akikaribia miaka 80, alikutana na Askofu Mkuu wa Lyon karibu na daraja la Saint-Michel, akamsimamisha mbele ya watu na kumsihi atafute amani, maana maskini wanalia wapate mkate. Mazingira yaliondolewa mwishoni mwa Agosti. Paré alifariki Desemba 20 ya mwaka huo, akazikwa katika kanisa la Saint-André-des-Arts.